Aliyekufa kwa Jina la Lynnet

Yago, tunda refu na gumu la mti wa mwegea, lilikuwa juu ya meza sebuleni kwa Phelesia, limevikwa shuka jeupe, zito kama mtoto aliyeanza kukaa, na Phelesia hakuthubutu kuligeuzia mgongo. Siku tatu sasa alikuwa akitoka humo kinyumenyume, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, akipapasa ukuta kwa mkono. Cheka tu. Wewe hujalala nyumba moja na tunda linaloitwa kwa jina la binti yako.

Maana kwa Wajaluo mambo ndivyo yalivyo. Mtu akifia mahali ambapo mwili wake hauwezi kuletwa, ziwani au vitani au huko Uarabuni, huchumwa yago, likavikwa sanda, likazikwa badala yake. Na Phelesia alilelewa akijua kwamba yago likishafukiwa, basi. Hata mwenyewe akitokea langoni kesho yake, anatembea kwa miguu yake miwili, hapiti. Aliyezikwa haingii boma tena. Atatafutiwa pa kukaa mbali, na mama aliyemzaa hatampikia.

Lynnet Awino alikuwa kifungua mimba wake. Alikwenda Uarabuni miaka miwili kabla ya korona kufanya kazi za nyumbani, akawa anapiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Korona ilipoingia, simu zikapungua, kisha zikakatika kabisa. Mwishoni mwa Mei mtu wa ajenti akampigia naibu chifu, naibu chifu akampigia Walter, na Walter, shemeji yake Phelesia na mkubwa wa boma tangu mumewe afariki, akaja na kofia mkononi. Lynnet amefia hospitalini. Wamemzika hukohuko, siku hiyohiyo. Ndege hazibebi maiti ya korona. Kulikuwa na karatasi moja yenye jina lake na namba ya pasipoti yake, na hakuna kingine.

Phelesia alilia wiki mbili. Kisha kilio kikakauka na badala yake ikaja hofu, wala hakuweza kumweleza mtu ni hofu ya nini. Walter naye aliogopa, tena kuliko yeye. Mjukuu wake alikuwa akiweweseka kwa homa, na wazee walikuwa wamemwambia kwamba marehemu asiyezikwa hutafuta njia ya kurudi.

"Jumamosi tunamaliza," Walter alisema. "Watu kumi na watano, kama serikali ilivyoagiza. Atalala pale nje ya ua, mahali pa binti asiyeolewa. Tupumzike."

Jumatano asubuhi Phelesia alikuwa ufuoni Kisegi akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu za kuanikia. Jua lilikuwa limeshapanda. Simu ikalia kifuani mwake, namba ndefu isiyo na kichwa wala miguu, akaipokea akidhani ni ajenti.

"Mama," sauti ikasema kwa Kijaluo. "Ni mimi."

Phelesia akaketi palepale juu ya omena wa watu. Alitaka kuitupa simu majini, mkono ukakataa.

"Wewe nani?"

"Lynnet."

"Lynnet amekufa."

"Hata mimi wameniambia hivyo leo," ile sauti ikasema, ikaanza kulia.

Sasa hapo mtu afanye nini? Phelesia alijua hadithi za wafu wanaopiga simu, na alijua hadithi za matapeli.

"Kama wewe ni Lynnet, niambie nani alivunja chungu cha nyanya yako."

"Ni huyo mdogo wangu, Cate. Lakini ulinipiga mimi."

Phelesia akafunika mdomo kwa leso. Wanawake wenzake ufuoni walidhani amepatwa na kichaa cha msiba, wakamwacha. Naye akasikiliza, kichwa kimeinama, huku Lynnet akieleza haraka haraka kwa sababu simu ilikuwa ya kuazima.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa nne mwajiri wake alimtoa nje kwa kuogopa ugonjwa, akampa pasipoti yake na mfuko wa nguo. Lynnet akaenda kukaa na wasichana wengine saba chumba kimoja. Mmoja wao aliitwa Jerusha, Mkuria wa Kegonga, aliyekuwa ametoroka kwa tajiri aliyemtesa na kuiacha pasipoti yake huko kabatini. Wakawa marafiki wa kulala godoro moja. Mei Jerusha akaanza kukohoa, kisha kupumua kwa shida. Hospitali haikupokea mtu asiye na karatasi. Msichana aliyetoroka akifika pale mlangoni huitiwa polisi kabla ya daktari. Basi Lynnet akamtia Jerusha pasipoti yake mkononi. Sema wewe ni Lynnet, alimwambia, ukipona utanirudishia. Kila mtu alikuwa amefunika uso kwa barakoa, na pale mlangoni nani angemtofautisha Mwafrika na Mwafrika? Wakampokea. Siku ya nne akafa.

"Na wakamwandika wewe," Phelesia akasema.

"Wakaniandika mimi. Simu yangu niliiuza zamani, na niliogopa kusema. Nilijua nikisema nimemwazima mtu pasipoti, nitafungwa. Sasa kuna ndege ya serikali ya kuturudisha Kenya, Jumamosi usiku. Leo nimekwenda ubalozini kujiandikisha. Karani ameangalia orodha yake, akaniambia, dada, siwezi kupandisha maiti kwenye ndege."

"Yesu wangu."

"Mama, sikiliza. Wanataka barua. Mzazi wa Jerusha aandike kwamba aliyelazwa hospitalini ni mtoto wake, ataje alama za mwili wake walinganishe na faili ya hospitali, chifu apige muhuri. Ipigwe picha itumwe kwa hii namba. Orodha inafungwa kesho saa kumi jioni. Ndege nyingine hakuna anayejua ni lini. Chumba kile tulishatolewa, tunalala nje juu ya kadibodi, mama, na polisi wanakuja kila alfajiri kuchukua watu."

Namba za simu za kwao Jerusha, Lynnet hakuwa nazo. Zilikuwa ndani ya simu ya Jerusha, na simu ilikwenda naye hospitalini. Alichojua ni kwamba kaka yake Jerusha, Nchagwa, anauza spea za pikipiki sokoni Kegonga, na kwamba kwao hawajui kitu. Simu ikakatika.

Phelesia akamwendea Walter mbio, omena wamemganda kwenye sketi. Walter akamsikiliza hadi mwisho. Ungetegemea aruke kwa furaha, lakini uso wake ukazidi kuwa mweusi.

"Min Lynnet," Walter akasema, yaani mama wa Lynnet, "sauti huigwa. Kuna watu wamo gerezani, kazi yao ni kuiga sauti za marehemu."

"Ametaja chungu, shemeji."

"Hata mizimu inajua vyungu." Akajifuta shingo. "Sikatai. Mimi pia nampenda yule mtoto. Lakini mjukuu wangu ameweweseka tena jana. Niletee karatasi yenye muhuri kwamba Lynnet yu hai, nitalitupa lile tunda mimi mwenyewe. Bila karatasi, Jumamosi nitazika."

Kwa hiyo barua ni ileile. Ubalozi waitaka, Walter aitaka. Ikikosekana, Lynnet atakuwa amekufa huko na kwao pia, naye mzima wa afya.

Usiku huo Phelesia hakulala. Alfajiri akamwachia Cate, binti yake mdogo, kazi ya kulilinda yago asije mtu akaharakisha mambo, akapanda teksi ya Probox ya kwenda Migori, njia ya Kegonga. Abiria walikuwa watatu tu, kama sheria ilivyotaka, kila mmoja amegeukia dirisha lake. Kabla ya kuingia mjini wakakuta kizuizi. Mtu aliyevaa nguo nyeupe za plastiki kutoka kichwani hadi miguuni akawaelekezea kile kipimajoto cha mfano wa bastola. Akampima Phelesia, akatazama, akampima tena.

"Thelathini na saba nukta tisa. Mama, kaa kando pale. Tutakupima tena."

Kando pale palikuwa na benchi, na nyuma ya benchi palikuwa na gari jeupe lenye milango wazi. Ndani yake mzee mmoja alikuwa ameketi na kikapu chake magotini, haongei. Phelesia alijua gari lile linakwenda wapi. Karantini, siku kumi na nne. Aliogopa hata kuomba, maana aliona akimtaja Mungu kwa sauti watadhani anapayuka kwa homa. Je, kama ni homa kweli? Usiku kucha hakulala, jua limempiga dirishani, lakini pia ufuoni alikuwa anakohoa wiki iliyopita, na nani anajua kikohozi cha moshi ni kipi na cha korona ni kipi?

Pembeni palikuwa na mtungi wa kunawia mikono. Akanawa. Akalowesha ncha ya leso, akaipitisha usoni, akaishikilia kwenye paji mpaka maji yakamtiririkia shingoni. Alipoitwa tena, akaificha leso mkononi, akasogea.

"Thelathini na sita na nusu. Nenda, mama."

Alikwenda. Lakini kutoka hapo hadi Kegonga alivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na hofu mpya ikaketi juu ya ile ya zamani. Anakwenda kumwambia mwanamke asiyemjua kwamba mtoto wake amekufa, na pengine anamletea na ugonjwa uliomuua.

Alifika sokoni saa saba kasoro robo. Duka la spea halikumpotea. Kijana mrefu mwenye mikono ya grisi alikuwa akifunga mnyororo.

"Wewe ndio Nchagwa? Mimi ni mama ya Lynnet. Wa Kisegi."

Kijana akasimama, akavua kofia.

"Mama, pole sana," akasema. "Tuliona kwa Facebook, kwa ile grupu ya wasichana wa Uarabuni. Jerusha alikuwa ametutumia picha yao wawili. Mama yangu alilia kama ni mtoto yake. Twende umwone, atafurahi umekuja."

Phelesia akafungua mdomo pale sokoni, watu wamezunguka, akaufunga. Maneno kama yale hayasemwi mbele ya wauza nyanya kabla ya mama mwenyewe kuyasikia. Akapanda pikipiki nyuma ya Nchagwa, wakapita mashamba ya mahindi na tumbaku, na njia nzima alitamani pikipiki ipate pancha.

Mama Nchagwa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana ya mtu wa jembe. Aliposikia mgeni ni nani, alikuja na mikono wazi, akakumbuka korona, akasimama hatua mbili kutoka kwake, mikono bado hewani. Walizungumza Kiswahili, maana huyu hakujua Kijaluo na yule hakujua Kikuria, kila mmoja akikivuta cha kwake.

"Pole, dada yangu. Pole sana. Hii ugonjwa imetumaliza." Machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Mtoto yako alikuwa rafiki ya mtoto yangu. Jerusha aliniambia, mama, huku nina dada anaitwa Lynnet, tunakula sahani moja. Nilikuwa nimwambie Nchagwa anilete huko kwenu nikupatie mkono, lakini barabara na hii mambo ya askari, unajua."

"Asante," Phelesia akasema.

"Kaa. Umetoka mbali. Nchagwa, shika ile jogoo."

"Mama, mimi sikai. Tena nisikaribie sana. Nitakaa hapa mlangoni."

"Mtu ametoka Kisegi na msiba na hataki kuku? Hapana." Akaketi kwenye kigoda, akajifuta macho, na uso wake ukaanza kupata nuru kidogo. "Unajua, tangu yako aende, yangu hajapiga simu. Miezi miwili sasa. Nchagwa anasema ni huzuni. Anasema wasichana wakipoteza mwenzao wananyamaza hivyo. Wewe umesikia nini huko? Umesikia habari yake?"

Hapo ndipo Phelesia alipoogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Tunda lilikuwa mchezo. Kipimajoto kilikuwa mchezo. Mbele yake palikuwa na mama anayemlilia Lynnet na kumshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba si Jerusha, kama ambavyo yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, jana alishukuru. Angeweza kula kuku wa rambirambi, akashukuru, akarudi. Huyu mama angeendelea kungoja simu mwaka, miaka miwili. Lakini saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika ishirini, na Lynnet alikuwa juu ya kadibodi.

"Mama Nchagwa," akasema, "Lynnet yangu hajakufa. Alinipigia jana. Ile pasipoti iliyoenda hospitali ni ya Lynnet, lakini mtu aliyeenda nayo si Lynnet."

Mama Nchagwa alimtazama. Nchagwa alikuwa mlangoni, jogoo mkononi, amemfunga miguu. Phelesia akaeleza yote, pasipoti, barakoa, siku ya nne, ubalozi, barua, saa kumi. Alieleza akitazama sakafu. Alipomaliza, Nchagwa akamfungua jogoo, akamwachilia, akageukia ukuta.

"Kwa hivyo," Mama Nchagwa akasema polepole, "mtoto yangu amezikwa na jina ya watu."

"Ndiyo, dada."

"Huko kaburini wameandika Mjaluo."

"Ndiyo."

"Na wewe umekuja nikuandikie ati yangu amekufa, ndio yako apande ndege."

Phelesia alitaka kusema Lynnet alimpa Jerusha pasipoti kwa upendo, kwamba bila ile pasipoti Jerusha angefia barabarani. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa pale. Akapiga magoti kwenye kizingiti, barakoa zake mbili zimelowa.

Nchagwa akavuta pumzi, na kifua chake kikaanza kupanda kwa kilio. Mama yake akainua mkono.

"Nyamaza."

"Mama..."

"Nyamaza, nimesema. Ukilia sasa, majirani watasikia, watajaa hapa. Chifu atakuja kuomboleza kama wengine, atakaa kwa kiti, atakunywa uji. Leo hakuna mtu atapiga muhuri tena. Unajua hivyo." Akaikalia mikono yake. "Leta karatasi."

Nchagwa akaleta daftari la dukani. Akaandika kwa mkono wa grisi, mama yake akitamka na sauti yake ikiwa kavu kabisa. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Kisha alama za mwili.

"Kidole kidogo ya mguu wa kushoto haina ukucha. Jembe ilikata akiwa darasa la tatu. Mgongoni, hapa chini, ana alama nyeusi alizaliwa nayo. Sikio..." Akaligusa lake. "Sikio la kulia limetobolewa mara mbili. Nilimkataza."

Akatia dole gumba. Kisha akamgeukia Phelesia, na macho yake hayakuwa na urafiki.

"Barua umepata. Lakini Lynnet akitoka karantini, asiende Kisegi kwanza. Aje hapa. Alale hapa, anieleze mtoto yangu alikufa namna gani, alisema nini, alikula nini siku ya mwisho. Hakuna mtu mwingine duniani anajua. Ndio nimetia kidole."

Phelesia alihisi wivu ukimchoma, wivu wa aibu, maana tangu jana alikuwa ameshaupika mlo wa kwanza wa Lynnet kichwani mwake. "Atakuja hapa kwanza," akasema.

Nchagwa akaondoka kwa pikipiki na ile barua. Wanawake wawili wakabaki, mmoja kwenye kigoda, mmoja kizingitini. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Jirani mmoja akapita njiani na mzigo wa kuni, akasalimia kwa Kikuria, na Mama Nchagwa akaitikia vizuri, akamuuliza hata habari ya ng'ombe. Phelesia alisikia meno ya yule mama yakigongana alipomaliza kuitikia. Aliogopa kwamba yule mama angepasuka kwa kilio. Aliogopa kwamba Nchagwa ameanguka, kwamba chifu hayupo, kwamba mtandao umekataa, kwamba karani atasema dole gumba halitoshi. Hakuthubutu kusogea.

Saa tisa na nusu Nchagwa akarudi, macho mekundu. Muhuri umepigwa, picha imetumwa. Barua yenyewe akamkabidhi Phelesia, ya kumwonyesha Walter. Akaketi chini na kuegemea ukuta. Wote watatu wakaitazama simu ya Phelesia juu ya sakafu ya udongo.

Ilipiga kelele saa kumi kasoro dakika saba. Ujumbe mfupi. Nchagwa akausoma kwanza moyoni, kisha kwa sauti, kwa kuwa Phelesia hakuweza kuishika simu.

"Mama faili imelingana. Wameniandika."

"Wamemwandika?" Mama Nchagwa akauliza.

"Wamemwandika," Phelesia akasema.

"Haiwezi kufutwa tena?"

"Haiwezi, mama," Nchagwa akasema.

Mama Nchagwa akaitikia kwa kichwa. Akasimama, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya kigoda. Akampita Phelesia pale kizingitini, akatoka hadi katikati ya ua, mahali ambapo sauti hufika kwa majirani wote, akashika kichwa kwa mikono miwili na kuliita jina la Jerusha.